Mzigo wa mkataba hauyeyuki, huhama bega tu

Leo naomba ruhusa niweke kando habari za kaunti, barabara na bei ya unga, nizungumzie mchezo ambao pale barazani kwetu ni mimi peke yangu ninayeufuata: besiboli. Wenzangu huniuliza mtu mzima wa Mombasa, ndevu zimeshaingia mvi, anatafuta nini katika mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Jawabu langu ni fupi. Shemeji yangu alihamia Toronto, Kanada, akawa ananitumia habari za timu ya huko, Blue Jays, nami nikanasa. Kwa kuwa Toronto iko saa saba nyuma yetu wakati wa msimu, mechi zao za jioni huangukia saa nane au saa tisa za usiku kwetu. Ndiyo nimezoea kuzifuata hadi adhana ya Alfajiri.

Alfajiri ya Jumanne, Oktoba 21, 2025, nilimaliza kuswali nikawasha simu. Kule Toronto ilikuwa bado Jumatatu usiku. Blue Jays walikuwa nyuma 3–1 mbele ya Seattle Mariners, mchezo wa saba na wa mwisho, mshindi aende fainali. Katika zamu ya saba George Springer, mwenye miaka 36, akaupiga mpira ukaruka hadi ng'ambo ya ukuta wa uwanja. Wenzake wawili walikuwa tayari njiani, kwa hivyo pigo moja likaleta pointi tatu. Ikawa 4–3, na hivyo ndivyo mchezo ulivyokwisha. Blue Jays wakaingia fainali kwa mara ya kwanza tangu 1993. Nilipiga ukelele nikaamsha nyumba nzima.

Kisha nikaona haya. Kwa sababu mwaka mmoja nyuma, mimi huyu huyu nilikuwa nikimwambia shemeji kwa simu kwamba Springer ni mzigo, atupwe, hata kama klabu italazimika kumlipia nusu ya mshahara ili timu nyingine imchukue. Mkataba wake ulikuwa wa miaka 6 kwa dola milioni 150, tangu Januari 2021. Mwaka 2024 alikuwa dhaifu kweli: katika kila majaribio 100 ya kupiga alifaulu mara 22 tu. Mwaka uliofuata akafaulu karibu mara 31, na akapiga mipira 32 nje ya uwanja. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini mimi nilishataka kulivunja jungu lenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mkataba mzito ni nini hasa? Ni kosa la nani? Na timu inapoubadilisha kwa mchezaji mwingine, mzigo ule unakwenda wapi? Nimeona niyaeleze niliyojifunza, kwa sababu ndani yake mna somo la ahadi na deni, na hayo si mambo ya Marekani peke yake.

Si kama usajili wa mpira wa miguu

Wengi wetu tumezoea usajili wa Ulaya. Klabu inataka mchezaji, inalipa ada kwa klabu yake, kisha inakaa na mchezaji mwenyewe kukubaliana mshahara. Asipotaka, haendi.

Ligi kuu ya besiboli, yenye timu 30, haiendi hivyo. Msimu huanza mwishoni mwa Machi, kila timu hucheza mechi 162, na fainali huchezwa mwishoni mwa Oktoba. Baada ya hapo kuna miezi ya baridi isiyo na mechi, na hiyo ndiyo miezi ya soko. Timu hubadilishana wachezaji kwa wachezaji, na mchezaji huhama pamoja na mkataba wake kama ulivyo. Miaka iliyobaki na dola zilizobaki humfuata kama kivuli. Mara nyingi haulizwi. Analala mchezaji wa Boston, anaamka wa Los Angeles. Anayeweza kukataa ni yule aliyeandikiwa kinga hiyo katika mkataba wake, au aliyetimiza miaka 10 katika ligi, 5 ya mwisho akiwa na timu hiyo hiyo.

Jambo la pili: fedha za mkataba ule ni za hakika. Mchezaji akiumia, akazeeka, mkono ukapoteza nguvu, klabu hulipa. Ikimwachisha, hulipa vile vile. Hakuna kusema, "Kazi imepungua, basi na mshahara upungue."

La tatu ni kile wanachokiita kodi ya anasa. Ligi haimkatazi tajiri kutumia, lakini imechora mstari. Mwaka 2025 mstari ulikuwa dola milioni 241 kwa jumla ya mishahara ya timu. Ukivuka mara ya kwanza, unatozwa asilimia 20 ya kilichozidi. Mwaka wa pili mfululizo asilimia 30. Wa tatu asilimia 50. Kwa hivyo mchezaji anayelipwa dola milioni 25 na hachezi vizuri hakuli fedha tu. Anakalia nafasi ya mwingine, na huenda akaivusha timu mstari ule.

Ukiyaweka matatu hayo pamoja utaelewa kwa nini mashabiki hutumia miezi ya baridi wakijadili mikataba kama watu wa fiqhi.

Kwa nini wenye akili husaini

Swali la kwanza ambalo kila mtu huniuliza ni hili: hawa wenye klabu ni matajiri, wana mawakili na wahasibu, vipi wampe mtu wa miaka 31 mkataba wa miaka 10?

Mfano maarufu ni Albert Pujols. Kwa miaka 11 akiwa na St. Louis Cardinals alipiga mipira 445 nje ya uwanja na kutajwa mchezaji bora mara tatu. Disemba 2011 klabu ya Angels ikampa miaka 10 kwa dola milioni 240, naye alikuwa anakaribia miaka 32. Magoti na miguu vikaanza kumwangusha. Mei 2021, mkataba ukiwa katika mwaka wake wa mwisho, Angels wakamwachisha.

Jawabu liko katika historia. Zamani mchezaji alikuwa mali ya klabu yake. Kila mkataba ulikuwa na kifungu kinachoipa klabu haki ya kumshikilia mwaka baada ya mwaka, na kumhamisha ikitaka. Oktoba 1969 Cardinals walimpeleka Curt Flood, mchezaji mweusi aliyewatumikia misimu 12, kwa klabu ya Philadelphia. Flood alikataa. Akamwandikia mkuu wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba yeye si kipande cha mali cha kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa. Walipomwambia kuwa analipwa fedha nyingi, alijibu kuwa mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Sisi wa pwani hii, tunaojua soko la watu lilivyokuwa katika miji yetu, maneno hayo hatuwezi kuyapita kama habari za michezo.

Flood alishindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972, majaji 5 kwa 3, na kazi yake ikavunjika. Lakini mlango alioubisha ukafunguka. Disemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wako huru kwa kuwa mikataba yao imekwisha. Hapo ndipo lilipozaliwa soko la mchezaji huru.

Uhuru huo, hata hivyo, una masharti mpaka leo. Mchezaji lazima atimize takribani miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu kwanza. Miaka mitatu ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kiwango cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Kwetu sisi hizo ni fedha nyingi mno. Lakini huenda wakati huo yeye ndiye mchezaji bora wa timu, uwanja unajaa kwa jina lake, na fulana zinauzwa. Anapokuwa huru ana miaka 28, 29, 30. Miaka yake mizuri kabisa ameshaitoa kwa bei ya chini.

Kwa hivyo ule mkataba tunaouita mzito mara nyingi ni malipo ya jana yanayotolewa kesho. Klabu iliyofaidi ujana wake huenda siyo inayolipa uzee wake. Hapo ndipo uchungu unapoanza, na hapo ndipo sisi mashabiki tunapomlaumu mtu asiye na kosa.

Mashine iliyokufa chini ya mwembe

Nieleze hili kwa kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma mimi na binamu zangu wawili tulichukua mashine ya mashua kwa kulipa kidogo kidogo, miezi 36. Siku ya kuileta tulipika pilau. Kila mmoja alikuwa akipiga hesabu ya samaki atakaowaleta mashine ile katika mwezi wake mzuri. Hakuna aliyepiga hesabu ya mwezi mbaya.

Mwezi wa 14 mashine ikafa. Maji ya chumvi yalikuwa yameila ndani, na fundi alituambia gharama ya kuitengeneza ni karibu na kununua nyingine. Miezi 22 iliyobaki tuliilipia mashine iliyokaa chini ya mwembe, kuku wakitaga pembeni yake. Tulipotafuta mtu wa kuichukua pamoja na deni lake, alipatikana mmoja tu, na alitoa sharti: tumpe na nyavu zetu mpya juu yake. Tulikataa, tukaendelea kulipa.

Wazee walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga. Sasa angalia Washington Nationals. Oktoba 2019 walitwaa ubingwa, na mrushaji wao Stephen Strasburg akatajwa mchezaji bora wa fainali. Disemba, shangwe ikiwa ingali hewani, wakampa miaka 7 kwa dola milioni 245. Baada ya saini ile Strasburg alirusha katika mechi 8 tu. Bega na mishipa vilimshinda, akastaafu mwaka 2024. Je, alifanya uvivu? Hapana. Mwili ulikataa. Pilau lilipikwa Disemba, na deni likalipwa miaka yote iliyofuata.

Njia tatu za kuutua mzigo

Klabu iliyokwama kwa mkataba mzito ina njia tatu. Hakuna hata moja ambayo ni ya bure.

Ya kwanza ni kulipa na kumwachisha. Disemba 2018 Blue Jays walimwachia Troy Tulowitzki akiwa bado anadai dola milioni 38. Yankees wakamchukua kwa mshahara wa kiwango cha chini, na Toronto ikaendelea kulipa karibu kila kitu. Alicheza mechi 5 kwa Yankees, kisha akastaafu.

Ya pili ni kumhamisha na kumsindikiza kwa fedha. Kisa kikubwa ni cha Alex Rodriguez. Texas Rangers walimpa miaka 10 kwa dola milioni 252 mwishoni mwa 2000. Alicheza vizuri sana, lakini timu haikushinda, kwani fedha za kuwapata wenzake zilikuwa zimebanwa. Februari 2004 wakampeleka New York Yankees, wakampata Alfonso Soriano, na wakakubali kulipa dola milioni 67 za mshahara wa Rodriguez. Yaani wanamlipa mtu apige mpira kwa ajili ya wapinzani wao. Hapo mkataba ulikuwa mzito ingawa mchezaji alikuwa hodari. Uzito ulikuwa wa bega, si wa mzigo.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, na ni ile ya nyavu mpya. Februari 2020 Boston Red Sox walitaka kushuka chini ya mstari wa kodi ya anasa. Walikuwa na mrushaji David Price, aliyebakiwa na miaka 3 na dola milioni 96. Walikuwa pia na Mookie Betts, mmoja wa wachezaji bora duniani, aliyebakiza mwaka mmoja kabla ya kuwa huru. Wakawafunga wote wawili katika mpango mmoja na kuwapeleka Los Angeles Dodgers, na nusu ya fedha za Price wakakubali kulipa wao. Walichopata ni Alex Verdugo na vijana wawili, Jeter Downs na Connor Wong. Dodgers wakampa Betts miaka 12 kwa dola milioni 365, na tangu hapo wametwaa ubingwa mwaka 2020, 2024 na 2025. Huo wa mwisho waliuchukua mikononi mwetu. Boston walitua deni, lakini waliotoa ni nyavu.

Kisa cha Vernon Wells

Kama unataka kisa kimoja kinachobeba yote, ni hiki cha timu yangu.

Vernon Wells alikuwa kipenzi cha Toronto. Mwaka 2006 alipiga mipira 32 nje ya uwanja, na Disemba klabu ikampa miaka 7 kwa dola milioni 126, kiasi ambacho Blue Jays hawakuwahi kumpa mtu. Malipo yalipangwa kama ngazi: kidogo mwanzo, makubwa mwisho. Ikafika 2010, kumebaki miaka 4 na dola milioni 86, na kila mwandishi wa michezo alikuwa akisema huo ni mkataba usiohamishika.

Januari 2011 ukahamishika. Meneja mkuu Alex Anthopoulos alimpeleka kwa Angels, akasindikiza dola milioni 5 tu, na akapokea Juan Rivera na mdakaji Mike Napoli. Toronto ilitua dola milioni 81. Mashabiki tulicheka mpaka machozi.

Lakini tazama kilichofuata. Wells mwaka ule alifaulu mara 22 katika kila majaribio 100. Angels nao wakalemewa, na Machi 2013 wakamsukuma kwa Yankees huku wakilipa wenyewe sehemu kubwa ya kilichobaki. Napoli naye hakukaa Toronto hata wiki. Blue Jays walimpeleka Texas kwa mrushaji Frank Francisco. Huko Texas, mwaka ule ule, akafaulu mara 32 katika kila 100, akapiga mipira 30 nje ya uwanja, na akaibeba Rangers hadi mchezo wa saba wa fainali. Kicheko chetu kikapungua. Tulitua mzigo, na haraka ya kushangilia ikatufanya tusione lulu iliyokuja nao.

Februari ile ile, bega likiwa jepesi, Blue Jays walimpa José Bautista miaka 5 kwa dola milioni 65. Wengi walisema ni bahati nasibu, kwa sababu alikuwa na msimu mmoja tu mkubwa, wa mipira 54. Mwaka uliofuata akapiga 43, na akawa nguzo ya timu kwa miaka. Alikuwa akilipwa dola milioni 14 wakati wengine wasiomfikia walilipwa zaidi.

Hapa nataka tusimame kidogo. Mkataba wa Bautista pia haukuwa sawa. Ulikuwa mzito upande wake yeye. Je, kuna shabiki aliyeandika kwamba klabu inamdhulumu, imwongeze? Simkumbuki hata mmoja, na mimi mwenyewe sikusema. Mizani yetu ina upande mmoja. Mchezaji akipata kuliko anachotoa tunamwita mwizi. Akitoa kuliko anachopata, tunaiita klabu hodari wa biashara. Katika dini tunafundishwa kutimiza makubaliano na kutopunja vipimo, na amri hiyo haimwelekei mnunuzi peke yake au muuzaji peke yake.

Deni la Bonilla na deni la Ohtani

Kuna njia nyingine ambayo si kuutua mzigo, bali ni kuusukuma mbele. Kila Julai 1 klabu ya New York Mets humlipa Bobby Bonilla dola 1,193,248.20, zaidi ya shilingi milioni 150 za Kenya kwa bei ya sasa. Bonilla alicheza mara ya mwisho mwaka 2001.

Ilikuwaje? Mwanzoni mwa 2000 Mets walitaka kuachana naye wakiwa wanadaiwa dola milioni 5.9. Badala ya kulipa, walikubaliana wamlipe baadaye, awamu 25, kuanzia 2011 hadi 2035, pamoja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Wenye klabu waliona wamepata faida, kwa kuwa fedha zao zilikuwa zimewekwa kwa Bernie Madoff na walitarajia zizae zaidi ya hiyo asilimia 8. Disemba 2008 Madoff akakamatwa, na ikajulikana kuwa faida zile zilikuwa hewa. Deni la milioni 5.9 litakuwa limelipwa karibu milioni 30.

Mimi si sheikh, na sitoi fatwa kwa watu wa New York. Lakini Mwislamu akisoma kisa hiki hahitaji kuelezwa kwa nini riba iliharamishwa. Muda peke yake umezidisha deni mara tano, hakuna mpira hata mmoja uliorushwa.

Mlinganishe na Shohei Ohtani. Disemba 2023 Dodgers walimpa miaka 10 kwa dola milioni 700. Katika hizo, milioni 680 atalipwa baadaye, kuanzia 2034 hadi 2043, milioni 68 kila mwaka, bila riba hata senti. Akiwa anacheza anachukua milioni 2 tu kwa mwaka. Alikubali hivyo ili klabu ipate nafasi ya kusajili wenzake, na wameshabeba vikombe viwili naye. Kwa hesabu ya kodi ya anasa anahesabiwa kama mtu wa milioni 46 hivi kwa mwaka, kwa sababu dola ya 2043 si dola ya leo.

Ni safi zaidi kwa macho yangu, nakubali. Lakini deni ni deni. Mwaka 2040 kutakuwa na kijana Los Angeles ambaye leo hajaanza shule, naye atauliza kwa nini timu yake inamlipa babu mmoja dola milioni 68.

Miaka 14 ya Guerrero

Sasa zamu ni yetu. Aprili 2025 Blue Jays walimfunga Vladimir Guerrero Jr. kwa miaka 14 na dola milioni 500, kuanzia 2026 hadi 2039. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 64 za Kenya. Alizaliwa Machi 1999. Mkataba ukiisha atakuwa na miaka 40, na mimi, Mungu akinipa uhai, nitakuwa karibu na 60.

Nilifurahi, sikatai. Kisha akatupeleka fainali. Mchezo wa saba ulianza saa tisa za usiku kwetu, Jumapili ya Novemba 2. Tulisimama kuswali, tukarudi, jua likatoka, na katika zamu ya 11 Dodgers wakatushinda 5–4. Hata hivyo, ukiniuliza siku ile kama Guerrero anastahili milioni 500, ningekwambia mwongezeeni.

Hilo ndilo pilau la Disemba, na nalijua harufu yake. Utafika mwaka 2034 au 2036, goti litauma, mpira utamshinda, na vijana ambao hawakuona Oktoba 2025 watasema ni mzigo, atupwe, atolewe na nyavu mpya juu yake. Watakuwa na haki ya kusema timu inahitaji nafasi. Hawatakuwa na haki ya kusema ameiba. Yeye alisaini alichopewa na watu wazima waliojua miaka yake.

Kwa hivyo nimejiwekea kanuni tatu, na labda zitakufaa hata kama hutaangalia besiboli maisha yako yote. Kwanza, kabla ya kushangilia mkataba, nasoma mwaka wake wa mwisho, si wa kwanza. Pili, nikisikia timu imetua mzigo, nauliza ni nani ameubeba na amepewa nini juu yake, kwani hakuna anayebeba mashine iliyokufa kwa hisani. Tatu, namtenga mtu na mkataba wake. Mkataba unaweza kuwa mbaya na mtu akawa mzuri.

Na kwa wanaosema haya ni ya mbali, mwaka 2022 Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Soko hili limeshafika jirani. Siku kijana wa Kisauni au Likoni atakapowekewa karatasi mbele yake, nitaomba awe na mtu kando yake wa kumsomea kila mstari, ikiwa ni pamoja na ule unaosema ni nani anayeweza kumhamisha bila kumuuliza.

Ama Springer, nimeshamwomba radhi kwa sauti, nikiwa peke yangu jikoni, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wassalaam.